Sikio Limekauka, Kusikia Je?

Mtu wa Lamu akirudi kutoka Mombasa alikokwenda kufanyiwa operesheni ya sikio, swali linalompokea gatini ni moja: "Wasikia sasa?" Na aghalabu jibu huwa la kusitasita. Daktari kasema operesheni imefaulu. Usaha umekatika, kiwambo kimeziba, kidonda cha nyuma ya sikio kimepona. Lakini barazani bado anawaomba wenzake warudie walilosema, na nyumbani televisheni bado yapazwa sauti mpaka majirani wote wajua habari ya saa moja. Hapo maneno huanza: daktari mwongo, pesa zimeliwa, afadhali angebaki na pamba yake.

Hakuna aliyesema uongo. Daktari alipima kitu kimoja, mgonjwa anapima kingine, na kabla ya kisu hawakuketi wakalinganisha vipimo vyao. Fundo hili lafunguka, ila ni lazima tuingie ndani ya sikio kwanza.

Kuvusha sauti

Sikio la kati ni chumba kidogo cha hewa kilicho nyuma ya kiwambo, kile ambacho wengine hukiita ngoma ya sikio. Mna mifupa mitatu humo, midogo kuliko yote mwilini: nyundo, fuawe na kikuku. Nyundo imeshikana na kiwambo. Fuawe iko katikati. Kikuku, chenye urefu wa milimita 3 hivi, kimekalisha wayo wake kwenye kidirisha kinachoingia sikio la ndani. Na sikio la ndani halina hewa, limejaa maji.

Aliyewahi kuzama pale Shela huku wenzake wakimwita kutoka ufuoni anajua tatizo liko wapi. Sauti ya hewani ikigonga maji, karibu yote hurudi ilikotoka. Inayopenya ni kama sehemu 1 kwa 1,000. Kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, hiyo ni hasara ya 30 hivi. Sikio la kati lipo ili kufidia hasara hiyo, nalo hulifanya hilo kwa ukubwa na udogo wa viungo vyake. Sehemu ya kiwambo inayotetemeka ina milimita za mraba 55 hivi, ilhali wayo wa kikuku una 3.2 tu. Nguvu iliyopokelewa kwenye eneo pana inashindiliwa kwenye eneo dogo, mara 17. Juu ya hapo, mkono wa nyundo ni mrefu kuliko mguu wa fuawe, kwa hiyo kuna wenzo unaozidisha tena mara 1.3. Ukizidisha yote wapata mara 22, ambayo ni karibu desibeli 27. Hasara nzima, isipokuwa kidogo, imerudishwa.

Kiwambo kina kazi nyingine isiyotajwa sana. Sikio la ndani lina kidirisha cha pili, cha mviringo, ambacho hufutuka nje kila kikuku kinaposukuma ndani, maana maji hayabanwi. Kiwambo kikiwa kizima, hukikinga kidirisha hicho kisipigwe na sauti moja kwa moja. Kikitoboka, sauti hugonga madirisha yote mawili kwa pamoja na msukumo hupungua.

Kinachoharibika

Mara nyingi hadithi huanza utotoni. Mtoto ana mafua, uchafu unapanda kwenye mrija unaounganisha nyuma ya pua na sikio la kati, chumba kinajaa usaha, kiwambo kinapasuka. Kwa kawaida tundu hujiziba lenyewe. Lisipojiziba, mtoto hukua nalo, na mamake akiulizwa husema sikio hilo lamtoka usaha tangu mdogo, wakatia mafuta ya vuguvugu, wakatia maji ya kitunguu. (Msitie. Kiwambo kikiwa na tundu, chochote kinachotiwa kinaingia moja kwa moja chumbani.) Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria mwaka 2004 kwamba watu kati ya milioni 65 na milioni 330 duniani wana masikio yanayotoka usaha kwa muda mrefu, kwa hiyo si balaa la Pwani peke yake.

Usaha wa miaka mingi hula mifupa. Unaotangulia kuliwa ni mguu mrefu wa fuawe, kwa kuwa mishipa ya damu inayoulisha ni michache. Kikuku hufuata. Nyundo ndiyo hudumu zaidi. Kuna pia kolesteatoma: ngozi ya nje iliyoingia chumbani, ikawa yakua humo na kurundika seli zake zilizokufa. Si saratani, lakini hula mfupa, na ikiachwa inaweza kufika kwenye neva inayotikisa uso, sikio la ndani, hata kwenye ubongo. Na kuna otosklerosisi, ambayo haina usaha wala tundu. Mfupa huota pembezoni mwa kikuku mpaka kikaganda.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Tundu kubwa la kiwambo peke yake linaweza kumpotezea mtu hadi desibeli 40 hivi. Mifupa ikikatika nyuma ya kiwambo kizima, hasara inaweza kufika desibeli 60. Kwa hiyo aliyekatika mifupa na akawa na tundu husikia afadhali kuliko aliyekatika mifupa bila tundu, kwa sababu tundu huacha sauti ipite kwenda kidirishani yenyewe, hata kama ni kwa udhaifu. Maana yake ni kwamba daktari akiziba tundu la kiwambo kwenye sikio ambalo mifupa yake imekatika, na asiiunganishe mifupa hiyo, mgonjwa anaweza kutoka akisikia vibaya kuliko alivyoingia. Sikio kavu, kiwambo kizuri, usikivu umeshuka.

Kolesteatoma nayo ina ujanja wake. Wakati mwingine uvimbe wenyewe huwa umeshikilia pengo la mfupa ulioliwa na kupitisha sauti. Ukitolewa, daraja limetolewa. Mgonjwa hulalama, na ana haki, lakini kuuacha uvimbe ule ndani kwa ajili ya desibeli chache ni kucheza na uhai.

Ndiyo sababu madaktari wa masikio wana utaratibu wasioupindua: kwanza sikio liwe salama, pili liwe kavu, tatu lisikie. Mgonjwa huja na utaratibu wa kinyume. Anataka kusikia, usaha ameuzoea.

Kutengeneza upya

Ufundi huu wa kulitengeneza sikio la kati ulipata sura yake ya sasa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1950, mikononi mwa madaktari Horst Wullstein na Fritz Zöllner. Wullstein alizigawa operesheni hizi katika aina tano kufuatana na kilichobaki, na hadi leo daktari akiandika "timpanoplasti aina ya kwanza" anamaanisha mifupa ni mizima na kilichofanywa ni kuziba kiwambo tu. Aina ya tatu ni pale nyundo na fuawe zinapokuwa zimeharibika, kiwambo kipya kikalazwa juu ya kikuku moja kwa moja. Ndege wote wana mfupa mmoja tu sikioni, nao husikia vizuri, kwa hiyo wazo si la ajabu kama linavyosikika.

Kiraka cha kiwambo hakinunuliwi. Hutolewa kwa mgonjwa mwenyewe: utando unaofunika msuli wa juu ya sikio, au kipande cha gegedu la sikio. Gegedu ni zito zaidi kuliko utando, na ungedhani litazuia sauti, lakini likichongwa jembamba hufanya kazi vizuri na halinywei kirahisi. Kwa kuziba tundu, matokeo ni mazuri: ripoti nyingi zina zaidi ya 80 kati ya 100 waliozibika.

Kuunganisha mifupa ni kazi ngumu zaidi. Daktari anaweza kuichonga fuawe ya mgonjwa mwenyewe akaigeuza kuwa kishikizo kati ya nyundo na kikuku. Anaweza kutumia kifupa bandia cha titani au cha madini yanayofanana na mfupa. Kifupa kifupi hukaa juu ya kichwa cha kikuku, kama kikuku bado kimesimama. Kirefu hutumika pale kikuku kilipoliwa ukabaki wayo peke yake, kikasimamishwa juu ya wayo huo kwa uangalifu mkubwa. Kifupi hutoa matokeo bora kuliko kirefu, na hili limeonekana tena na tena. Kwa hiyo ukimsikia jirani yako asifu operesheni yake, kabla hujatamani matokeo yake, uliza kikuku chake kilikuwa kipo.

Karatasi ya kipimo

Hapa ndipo pa kukaa, maana bila kuielewa karatasi hii mazungumzo yote na daktari ni ya kubahatisha.

Mgonjwa huketi kwenye chumba kilichozuiwa makelele, akavishwa vipokea sauti. "Mzee, ukisikia hata kwa mbali, bonyeza." Sauti hupandishwa na kushushwa mpaka ipatikane ile ndogo kabisa anayoisikia, kuanzia sauti nzito za hezi 250 (hezi ni mitetemo kwa sekunde) hadi nyembamba za hezi 8,000. Sikio la kulia huandikwa kwa duara jekundu, la kushoto kwa alama ya X ya buluu. Kadiri alama zinavyoteremka karatasini, na namba ya desibeli ikiongezeka, ndivyo usikivu ulivyopungua. Matokeo haya ni ya njia ya hewa: tundu la kuingilia sikioni, kiwambo, mifupa, mpaka ndani.

Kisha vipokea sauti huvuliwa, kitetemeshi kidogo kikabandikwa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Sasa sauti yapita kwenye fuvu na kufika sikio la ndani bila kupitia kiwambo wala mifupa mitatu. Hiyo ni njia ya mfupa. Pale mara nyingi mgonjwa husema, "Nasikia mwanangu, ila sijui ni kwa sikio gani," na asemalo ni kweli, kwa kuwa fuvu hutetemeka lote. Ndiyo maana sikio la pili hutiwa mvumo kulishughulisha wakati wa kipimo. Kipimo cha njia ya mfupa kisichofanyiwa hivyo hakiaminiki.

Tofauti ya njia hizo mbili ndiyo pengo. Tuseme njia ya hewa ni desibeli 55 na njia ya mfupa ni 15. Pengo ni 40. Hizo 40 ndizo mali ya sikio la kati, na ndizo pekee ambazo daktari wa upasuaji anaweza kuzigombania. Zile 15 ni za sikio la ndani na neva, na hakuna kiraka wala titani itakayozigusa. Mzee mwenye njia ya mfupa ya 45 kwa sababu ya umri, au kwa miaka mingi kando ya mashine ya boti, hata pengo lake likifungwa lote bado atakuwa na 45. Pengine barazani hatasikia maneno. Hilo linaweza kujulikana kabla ya operesheni, kwenye karatasi hiyo hiyo, na linapaswa kusemwa.

Unaweza kuionja njia ya mfupa sasa hivi. Ziba sikio moja kwa kidole uvume "mmm" ukiwa umefunga mdomo. Sauti itahamia kwenye sikio ulilolizuia. Ernst Heinrich Weber alilieleza jambo hili mwaka 1834, na hadi leo daktari akigonga kile chuma chenye matawi mawili akakusimamishia kwenye paji la uso, analitafuta hilo: mwenye ugonjwa wa sikio la kati husikia mvumo upande mbovu.

Namba zinavyoweza kudanganya

Mwaka 1995 chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani kilitoa mwongozo wa namna ya kuripoti matokeo. Chukua wastani wa hezi 500, 1,000, 2,000 na 3,000. Pima hewa na mfupa kwa pamoja baada ya operesheni. Subiri mwaka mmoja au zaidi ndipo useme. Kwa kuunganisha mifupa, pengo la desibeli 20 au chini yake huhesabiwa kuwa ni mafanikio. Kwa operesheni ya kikuku kilichoganda, kipimo ni kikali zaidi, desibeli 10.

Mwongozo ule una sababu yake. Njia ya mfupa yenyewe huweza kubadilika baada ya operesheni, hasa kikuku kilichoganda kikiachiliwa. Ukichukua hewa ya baada ukatoa mfupa wa kabla, pengo huonekana dogo kuliko lilivyo. Na kuna kosa la upande wa pili, ambalo kwangu ni baya zaidi. Tuseme kabla ya kisu hewa ilikuwa 50 na mfupa 15: pengo 35. Baada, hewa ni 50 vile vile, lakini sikio la ndani limeumia na mfupa umeshuka hadi 35. Pengo sasa ni 15. Kwenye jedwali la mapengo huyu amefaulu. Kwa hakika hakupata chochote, na amepoteza hazina. Kwa hiyo usiridhike na kuambiwa pengo. Uliza hewa ni ngapi sasa, na mfupa ni ngapi.

Wastani nao huficha. Vifupa bandia mara nyingi hurudisha sauti nzito na za kati vizuri kuliko zile nyembamba za hezi 4,000 kwenda juu, ambazo hata hazimo kwenye hesabu ya wastani huo. Na herufi kama s, f na sh hukaa huko juu. Mtu anaweza kusikia sauti zote za chumbani na bado akashindwa kujua kama umesema "sisi" au "fisi".

Lakini lililo kubwa kuliko hayo ni sikio la pili. Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi wa kuchonga milango, sikio la kulia hewa 55, mfupa 15, na la kushoto zima, desibeli 10. Anafanyiwa operesheni, la kulia linapanda hadi 35. Pengo 20, mafanikio kamili kwa mwongozo. Fundi huyu hataona tofauti kubwa. Mazungumzo yote bado yaingia kwa sikio la kushoto, maana ndilo lisikialo vizuri kwa desibeli 25. Sasa mchukue maalim wa chuo mwenye 55 upande mmoja na 50 upande wa pili. Operesheni ile ile, matokeo yale yale ya 35. Kwake dunia imebadilika, kwa kuwa sikio lililokuwa bovu zaidi sasa ndilo la kutegemewa. Anawasikia watoto wa safu ya nyuma.

Daktari wa masikio Gordon Smyth wa Belfast aliliona hilo, na mwaka 1985 yeye na mwenzake wakatoa kanuni nyepesi ambayo madaktari wangali wakiitumia: mgonjwa hunufaika ikiwa sikio lililotengenezwa litafika desibeli 30 au bora zaidi, au litakaribia lile jingine kwa tofauti isiyozidi 15. Ukimrudia fundi wetu, hajafika popote kati ya hapo. WHO nayo hupima ulemavu wa kusikia kwa sikio bora, si kwa bovu: hasara inayozidi desibeli 35 kwenye sikio linalosikia vizuri. Kwa kipimo hicho ina hesabu ya watu milioni 430 duniani.

Hii haina maana kwamba fundi asitibiwe. Masikio mawili yanayokaribiana ndiyo humwezesha mtu kujua sauti yatoka wapi, na katika vichochoro vya Mkomani, ambapo punda mwenye mzigo wa mawe hutokea kona ya kulia au kushoto, hilo si jambo dogo. Ila ajue anatafuta nini.

Kinachoamua

Kabla ya operesheni daktari huangalia mambo kadhaa, na baadhi yake mgonjwa hana la kufanya: kama kikuku kimesimama, kama nyundo ipo, kama kuna kolesteatoma, kama ni mara ya kwanza au sikio limeshafunguliwa. Mrija wa nyuma ya pua ni muhimu kuliko unavyopewa heshima. Kama hauingizi hewa, chumba kipya kitanyonywa, kiwambo kitavutwa ndani na ufundi wote utalegea. Mambo mawili yako mikononi mwa mgonjwa: kulikausha sikio kabla ya siku ya operesheni, na sigara. Vipimo vya kukadiria hatari ya sikio la kati vinavyotumiwa na madaktari huihesabu sigara pamoja na kolesteatoma na mifupa iliyokosekana, na ni jambo ambalo naona halisemwi kwa sauti ya kutosha kliniki.

Kolesteatoma ikiwa imeenea, wakati mwingine ukuta wa nyuma wa tundu la sikio hubomolewa ili pasibaki pa kujificha. Sikio huwa salama zaidi, lakini hubaki na shimo la kusafishwa na daktari maisha yote, na nafasi ya kusikia vizuri hupungua. Ukuta ukiachwa, mara nyingi sikio hufunguliwa tena baada ya miezi 6 hadi 12 kutazama kama ugonjwa umerudi, na mifupa kuunganishwa wakati huo. Katikati ya operesheni hizo mbili mgonjwa husikia vibaya kwa mpango, si kwa ajali. Asiyeambiwa huacha kurudi.

Baada ya kisu

Wiki za kwanza sikio huwa limezibwa kwa sponji inayoyeyuka na damu iliyoganda. Kusikia hupungua, na wengi hukata tamaa hapo. Kipimo cha kwanza chenye maana hufanywa baada ya miezi miwili au mitatu, na cha kuaminika baada ya mwaka. Kwa mtu wa Lamu hilo lina bei: boti hadi Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, Malindi, ndipo Mombasa. Hapa pana hatari ya ukimya. Anayesikia vizuri haoni sababu ya kusafiri, na aliyekasirika hataki kumwona tena daktari, na kiwambo kinachovutwa ndani polepole hakiumi.

Maji yasiingie: pamba iliyopakwa mafuta mazito wakati wa kuoga na kutawadha. Usipenge kwa nguvu, na ukipiga chafya acha mdomo wazi. Ndege kutoka Manda isubiri ruhusa ya daktari. Watoto wanaojirusha baharini pale gatini maji yakijaa, hilo litawauma kuliko sindano, lakini mpaka kiwambo kikomae hakuna kujirusha. Mpiga mbizi wa kamba-koche aseme mapema, kabla ya kukubali operesheni, kwa sababu baadhi ya operesheni, hasa ya kikuku, humwacha na kifupa bandia ambacho shinikizo la maji linaweza kukisukuma ndani, na madaktari wengi humkataza kuzama tena. Hiyo ni riziki, na inafaa iwe sehemu ya mazungumzo.

Ladha ya upande mmoja wa ulimi inaweza kubadilika kwa muda, maana neva yake hupita katikati ya nyundo na fuawe. Neva ya uso huumia kwa nadra. Kifupa bandia huweza kuteleza au kusukumwa nje baada ya miaka. Ndiyo maana kipande cha gegedu huwekwa kati ya titani na kiwambo. Operesheni ya kikuku kilichoganda, ambayo mikononi mwa mzoefu hufunga pengo hadi desibeli 10 kwa wagonjwa karibu 90 kati ya 100, ina hatari ya takriban 1 kati ya 100 ya kupoteza kabisa usikivu wa sikio lile.

Kwa hatari hiyo, sikio bovu zaidi ndilo hutangulia kufanyiwa, lile bora likawekwa akiba. Na mwenye sikio moja tu lisikialo, madaktari wengi hawaligusi kwa ajili ya kusikia. Hulifungua tu kama ndani mna ugonjwa wa kuhatarisha maisha. Huyo, pamoja na yule ambaye pengo lake halikufungika, hupewa kifaa cha kusaidia kusikia. Kifaa cha kawaida huziba tundu la sikio, kwa hiyo sikio linalotoka usaha halikipendi, bali sikio lililokaushwa hukivaa bila tabu. Na kwa lisilokauka kipo kifaa cha kukaa nyuma ya sikio kinachotetemesha mfupa, kwa njia ile ile ya kitetemeshi cha kipimo, kikaruka kiwambo na mifupa yote mitatu. Njia ya mfupa ikiwa 15 kwenye karatasi, ndio mtu anayefaa kukijaribu, na anaweza kukivaa kwa mkanda wa kichwani kwanza, akaenda nacho barazani akasikiliza, kabla ya kukubali kisu chochote.